Kubishana bila kuonea

Je, ni dhambi Wakristu kubishana? Hapana. Wenye imani moja waweza kuwa na mawazo mbalimbali. Dhambi yaanza pale tunapoacha neno na kumpiga mwenye neno.

Watakatifu nao walipata jaribu hili. Karibu na mwaka 397, Agostino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, alimwandikia Padri Yeronimo aliyekaa Betlehemu, akipinga maelezo yake juu ya Paulo kumkemea Petro kule Antiokia. Barua ilipotea njiani, ikasomwa na watu wa Italia kabla ya kumfikia mwenyewe. Yeronimo akaambiwa kwamba Agostino ametunga kitabu cha kumpinga na kukipeleka Roma. Akajibu kwa ukali. Agostino hakuwa ametenda hivyo, akaeleza kweli yake. Hata hivyo akaomba radhi kwa maneno yaliyomchoma mzee wake, wala hakuliacha wazo lake. Mwishowe walipatana. Mwaka 415 Agostino alimtuma Padri Orosio Betlehemu kumwomba Yeronimo shauri.

Nasi je? Twasikia fulani amesema hivi, na kabla ya kumwuliza twamwita mzushi au mnafiki mbele ya watu. Huo ni wizi wa jina jema, na kitu cha wizi sharti kirudishwe. Basi tumwulize kwanza mwenyewe. Tukiwa tumekwisha kumwonea, kuungama peke yake hakutoshi: tumrudishie jina lake mbele ya walewale waliotusikia.