Ajali Ina Kinga

Misibani kwetu Kahama kuna methali ambayo haikosi kutamkwa: ajali haina kinga. Nimeisikia kwa wachungaji, kwa mashehe na kwa wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na kila mara waombolezaji huitikia kwa kutikisa vichwa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza na mzee wa kanisa, na siku hizi wachimbaji wadogo wa dhahabu huniletea karatasi zao niwatafsirie. Kazi hiyo ndiyo iliyonifanya niiulize methali hii swali ambalo msibani haliulizwi: ni ajali ipi isiyo na kinga?

Mjane mmoja aliniletea maelezo yaliyoandikwa na wenzake marehemu mumewe. Mwenye leseni ya uchimbaji alikuwa na mbia kutoka nje, na mbia huyo alitaka taarifa kwa Kiingereza. Maelezo yalikuwa mafupi: ajali ilitokea, udongo ukashuka, mtu mmoja akafariki.

“Mwalimu, andika tu ilikuwa ajali,” aliniambia. “Siku yake ilifika.”

“Mayu, keti kwanza,” nikamjibu. “Kiingereza kitatuuliza ajali ya namna gani.”

Na kweli kinauliza. Accident limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kuanguka: jambo limetukia, hakuna aliyelikusudia. Misfortune humtazama aliyepatwa na kusema hakuwa na bahati, chanzo hakiguswi. Disaster lina nyota ndani yake, mabaki ya imani ya kale kwamba nyota zikikaa vibaya angani, mambo ya duniani huharibika. Leo ni neno la maafa makubwa. Incident ni neno la maafisa usalama wa migodi mikubwa: tukio ambalo bado halijahukumiwa, linangoja uchunguzi. Negligence humlenga mtu: alipaswa kufanya, hakufanya. Wanasheria na watu wa bima wanalo pia act of God, tendo la Mungu, kwa mafuriko au tetemeko ambalo hakuna busara ya mwanadamu ingelizuia.

Neno letu la ajali lilitoka Uarabuni likiwa na maana ya muda uliowekwa, saa ya mtu ambayo haisogei mbele wala kurudi nyuma. Kwa maana hiyo methali ni ya kweli kabisa. Hakuna kinga ya kufa, na mwenye kuamini hupata faraja kujua kwamba roho ya mpendwa wake haikupotea kama jiwe lililodondoka shimoni bila mwenyewe kujua. Lakini neno hilohilo leo linataja pia basi kupinduka na duara kufukia watu. Hapo methali inageuka kuwa uongo. Duara lina kinga. Kinga yake ni matimba, yaani miti inayoshikilia kuta, ni ukaguzi baada ya mvua, ni kutoingia pale ufa unapoonekana, ni kufukia mashimo yaliyoachwa. Msibani tunaanza na maana ya kwanza, kisha bila kujitambua tunaivika ya pili, na aliyekataa kununua miti anarudi nyumbani akiwa amesafishwa kwa jina la Mungu.

Najua pingamizi litakalokuja. Kama Mungu ndiye apangaye saa, mwanadamu atalaumiwaje? Je, miti ingezuia kilichokwisha andikwa? Ni swali zito, na sitaki kulipita kwa haraka, kwa sababu wanaoliuliza mara nyingi ni wacha Mungu wa kweli.

Nimelipeleka kwenye vitabu vyenyewe. Torati inamwamuru ajengaye nyumba aweke ukingo kwenye dari lake, ili mtu akianguka damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Katika Kutoka, aliyechimba shimo akaliacha wazi, ng’ombe au punda akatumbukia, anadaiwa kulipa. Musa alimwamini Mungu anayeshika uhai wote, na bado alimdai mchimba shimo. Kwa ndugu zetu Waislamu, Kurani inafundisha kwamba kila mmoja ana ajali yake, na katika Surat An-Nisaa inaagiza kwamba aliyemuua muumini kwa kukosea, bila kukusudia, atoe diya, yaani fidia ya damu, kwa jamaa zake, isipokuwa wakisamehe. Marehemu alikufa kwa saa yake, na muuaji bado anadaiwa. Kwa hiyo vitabu hivi havikuona mgongano pale tunapouona sisi. Saa ni siri ya Mungu. Ukingo, kifuniko na mti ni amri kwa mtu. Anayejibu amri kwa kutaja siri anajifunika kwa kitu ambacho hakupewa.

Yesu naye aligusia jambo la namna hii. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeangukia watu kumi na wanane. Alikataa kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu, na akawageuzia swali waliokuwa hai. Msiba ulikuwa umewaachia wao kazi ya kufanya.

Swali la kwa nini huyu na kwa nini leo lina hatari yake likiachwa lizurure. Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alichapisha kitabu chake juu ya Waazande, watu wa Afrika ya Kati, na humo akaeleza kuhusu ghala linaloanguka. Waazande walijua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini lianguke wakati watu hawa wamekaa chini yake, na jibu lao lilikuwa uchawi. Sisi wa Shinyanga na Geita hatuna haki ya kuwashangaa. Katika kanda yetu ajuza wameuawa kwa kushukiwa uchawi, kosa lao likiwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni na kinyesi cha ng’ombe. Panapokosekana neno la kweli la kutaja chanzo, neno la uongo hutafuta mtu wa kumbebesha. Kutaja nguzo iliyoliwa na mchwa ni kumlinda bibi wa jirani.

Hata neno zuri laweza kuficha. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa Nyangalata, hapa wilayani Kahama, na watano wakaokolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Wengi tuliita muujiza, na mimi sioni neno jingine. Lakini mwenzao mmoja alifia humo. Tukisema tu kwamba Mungu aliwakumbuka watano, tutamwambia nini mama wa yule mmoja? Muujiza ni neno la kushukuru. Halifai kuwa neno la kufunga faili.

Wenye taaluma nyingine wamekwisha kuona hatari hii. Mwaka 2001 BMJ, jarida la madaktari wa Uingereza, lilitangaza kuacha kutumia neno accident, kwa hoja kwamba majeraha mengi yanatabirika na yanazuilika. Mimi sikwenda mbali hivyo. Kwetu Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inalipa kwa ajali ya kazini bila kudai kwanza uthibitisho wa uzembe wa mwajiri, na kwa mjane neno ajali laweza kuwa mlango. Ila wachimbaji wengi wa maduara hawana mkataba wa maandishi. Wanagawana mifuko ya mawe, na mlango huo mara nyingi haufunguki kwao.

Basi, kabla ya kutafsiri karatasi ya yule mjane, niliwaita wenzake marehemu nikawauliza, wakasema. Tangu mvua zianze kuta zilikuwa zinamomonyoka. Matimba yalikuwa yameombwa, wakaambiwa wasubiri mzigo uuzwe. Hakuna aliyekagua asubuhi ile. Niliandika hayo kwa Kiingereza kama walivyoyasema. Negligence sikuliandika, kwa kuwa hiyo ni hukumu na mimi si hakimu. Misfortune sikuliandika pia. Yule mjane aliposomewa alikaa kimya, kisha akasema niongeze kwamba mumewe ndiye aliyekwenda kuomba ile miti. Nikaongeza.

Katika soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, punje hupimwa hadi sehemu ndogo kabisa za gramu, na hakuna anayekubali mizani ya kukadiria. Kifo cha mchimbaji kinastahili maneno yaliyopimwa vivyo hivyo.

Ombi langu ni kwa wanaoongoza ibada za mazishi, nami nikiwa mmoja wao. Tuendelee kusema kwamba saa ya marehemu iko mikononi mwa Mungu, kwa sababu ni kweli na familia inahitaji kuisikia. Kisha, palepale kaburini, mbele ya mwenye duara na mwenye leseni, tuulize matimba yalikuwa wapi, na tudai jibu kabla mtu mwingine hajashushwa shimoni. Maneno yote mawili ni ya ibada. Tukilisema la kwanza tu, tutakuwa tumelitaja bure jina la Bwana.