Nia na Athari

Mchonga mawe wa Kware, hapa kwetu Kajiado, apokeapo ujira wake jioni kwa M-Pesa na kumtumia mamaye nusu yake, hana haja ya kujua ni nani aliyemfungulia njia hiyo. Lakini sisi tupendao kuuliza tusiyoulizwa hatuna budi kurejea suala la kale, kama mja hupimwa kwa nia yake au kwa athari aiachayo, kwani tasnia ya simu imetuletea mahasimu wawili wa kutujaribia mizani hiyo.

Mmoja ni Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudani, aliyeasisi kampuni ya simu ya Celtel mwaka 1998 akisema kwamba haitatoa rushwa popote, na ambaye, baada ya kampuni hiyo kuinunua sehemu kubwa ya Kencell, kampuni ya simu ya hapa kwetu Kenya, mwaka 2004 nayo ikauzwa mwaka uliofuata kwa dola bilioni 3.4, aliweka tuzo ya viongozi wa Afrika waondokao madarakani kwa heshima. Tuzo ambayo, kwa aibu yetu, miaka mingi imekosa wa kuipokea. Jina la Celtel limekwisha kufutika, likawa Zain, kisha Airtel. Wa pili ni Michael Joseph, aliyeiongoza Safaricom tangu 2000 hadi 2010, na katika zama zake, Machi 2007, M-Pesa ikazinduliwa.

Kwa athari, basi, Joseph ameshinda. Ndivyo wasemavyo wengi. Lakini Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, kampuni mshirika wa Safaricom, walioijaribu huduma hiyo mwaka 2005 kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, walikusudia wakopaji wadogo walipie mikopo yao kwa simu, na ni wakopaji wenyewe walioanza kupelekeana fedha. Fadhila hiyo ni ya nani?

Waislamu tumefundishwa kwamba amali ya mtu hukatika afapo, ila sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema amwombeaye. Tumefundishwa pia, jambo ambalo waandishi wa tawasifu za matajiri hulipita kimya, kwamba mwenye kuanzisha desturi mbaya huchukua sehemu ya mzigo wa wanaomfuata. Njia ile ile impelekeayo mama fedha ndiyo ipitishayo kamari za vijana wa Kitengela, na mikopo ya M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012 kwa ada ya asilimia 7.5 juu ya mkopo wa siku 30, na ya Fuliza tangu 2019. Siwezi kumtwisha Joseph madeni yaliyobuniwa baada ya yeye kuuacha uongozi; lakini nikimwondolea hayo, insafu yanikataza kumvika thawabu zote za yule mama.

Kinachobaki ni kile kilichokuwa mkononi mwa kila mmoja siku alipokata shauri. Kwa Ibrahim ni rushwa aliyoikataa, na hiyo naiona nzito kuliko tuzo yake. Kwa Joseph si M-Pesa: ni kule Safaricom kuanza biashara kwa kutoza kwa sekunde ilhali Kencell ikitoza kwa dakika nzima, hata kibarua mwenye salio la shilingi chache akaweza kupiga, kusema neno lake, na kukata.