Amana Ndani ya Hifadhidata: Je, Nia Njema Yatosha?



Tuchukue mfano. Jumuiya ina hifadhidata ya wajane na mayatima wanaopokea zaka. Ndugu anayeihudumia kwa kujitolea anataka kubadilisha muundo wake: safuwima ya jina kamili igawanywe iwe mbili. Anatoa amri moja, safuwima ya zamani inafutwa, na wenye majina matatu wanabaki na mawili. Siku ya mgao, mjane anaambiwa hayumo. Je, ndugu yule anadaiwa?

Wengi watasema nia yake ilikuwa njema. Ni kweli, na thawabu hufuata nia. Lakini fiqhi haichanganyi thawabu na dhamana. Aliyewekewa amana hadaiwi ikipotea bila kosa lake. Hudaiwa akivuka mpaka au akizembea. Na uzembe hupimwa kwa urfu: namna watu walivyozoea kukilinda kitu cha aina hiyo.

Urfu wa wataalamu wa programu ni upi? Hawaanzi kwa kufuta. Huongeza safuwima mpya kando ya ile ya zamani, huandika kotekote, huhamisha taarifa za nyuma kidogo kidogo na kulinganisha hesabu. Programu ikishazoea kusoma mpya, ndipo ya zamani hufutwa. Kabla ya yote huweka nakala ya akiba na kujaribu kuirejesha. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta hifadhidata kuu kwa bahati mbaya. Nakala zilipotafutwa, ikaonekana zana ya kunakili ilikuwa ikishindwa kimyakimya, kwa sababu toleo lake halikulingana na la hifadhidata. Taarifa za saa sita hivi zikapotea. Nakala isiyojaribiwa ni dhana tu, si yakini.

Kwa hiyo naona ndugu yetu, kama aliijua njia hii akairuka, amezembea. Kama hakuijua, ilimpasa aulize kwanza. Kujitolea hakupunguzi haki ya mjane. Viongozi waliomkabidhi kazi bila kumhoji nao wana fungu lao.

Je, ukali huu hautawafukuza wanaojitolea? Sidhani. Kanuni hiyohiyo inawakinga: aliyechukua kila tahadhari, kisha taarifa zikapotea, hana deni. Suratun Nisaa, aya ya 58, imetuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Jina la mjane ni mojawapo.

Wallahu a'alam.