Nia na Kinu cha Umeme

Kahawa, ambayo masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa tangu karne ya 15 ili wakeshe wakidhukuru, kwangu mimi si kinywaji kitupu. Ndiyo maana, nilipoazimia kuacha kinu na mchi nikatafuta mashine ndogo ya umeme ya kusagia buni nyumbani, nilijiuliza kwanza kama wepesi huipunguza nia. Ile ya visu, ingawa ni rahisi, hukatakata ovyo, unga ukatoa uchungu na chenga zikabaki chachu. Bali ile ya meno yasagayo huzilinganisha chembe, na katika ulinganifu huo naona namna ya uadilifu. Nimeichagua hii, kwani nadhani ikhlasi hutaka uangalifu kuliko jasho, nami kila alfajiri husaga kiasi cha siku ile tu.