Debe la Punje Mbovu

Mwaka 2016 watu wa wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto walianza kuumwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua: kutapika, tumbo kuvimba, macho kugeuka manjano. Wagonjwa walihesabiwa 68, na 20 kati yao walifariki. Uchunguzi ukaonyesha kuwa ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, nayo ilikuwa ndani ya mahindi waliyoyalima wenyewe.

Kutoka huko hadi Tabora kuna njia ya zamani. Misafara ya Bagamoyo ilikatiza Ugogo, jirani na Kondoa na Chemba, kabla ya kufika Unyanyembe, yaani hapa Tabora. Mpagazi alipimiwa posho yake, kibaba cha nafaka, akala alichopewa. Leo posho ya nyumbani tunajipimia wenyewe, na hapo ndipo penye hatari.

Tazama nyumba yoyote ya Tabora baada ya mavuno. Mama anamwaga mahindi kwenye ungo, anapepeta, anachambua. Punje yenye ukungu wa kijani, iliyotobolewa na wadudu, anaitoa. Mpaka hapo hana kosa. Lakini nani aliyeonja njaa atamwaga nafaka? Zile mbovu zinawekwa kwenye debe pembeni: hizi za kuku, hizi za pombe. Nimeliona debe hilo katika nyumba nyingi, tena nyumba za watu makini.

Sumukuvu haifi jikoni. Moto wa ugali hauiondoi, wala pombe kuchachuka hakuimalizi. Ng'ombe akila pumba zenye sumu hiyo, sehemu yake inarudi ndani ya maziwa, na maziwa ndiyo tunayompa mtoto. Katika mahindi, kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Maana yake gramu moja tu inatosha kuzifikisha tani 100 za mahindi kwenye kikomo hicho. Ikizidi sana huua kwa siku chache. Ikiliwa kidogo kidogo miaka mingi, huleta saratani ya ini.

Wakulima huulizia mbegu isiyoshika kuvu kabisa. Mbegu ya namna hiyo haipo. Zipo zinazostahimili ukame, na zipo ambazo maganda yake hufunika gunzi mpaka nchani. Hizo husaidia, kwa kuwa kuvu huingia kwa urahisi kwenye mmea wenye kiu na punje yenye tundu. Lakini mahindi ya mbegu nzuri yakianikwa juu ya udongo, kisha yakatiwa gunia yangali na unyevu, yataoza kama mengine.

Basi anika juu ya turubai. Kabla ya kuhifadhi, tia mahindi kidogo kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, uache dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Na lile debe la pembeni, ndugu yangu, lichimbie shimo leo.