Jumatano: Hewa Asiyoichagua
Soma Waamuzi 13:2–14. Mke wa Manoa alipewa maagizo gani? Manoa mwenyewe aliuliza nini?

Manoa alitaka kujua jinsi ya kumlea mtoto atakayezaliwa. Jibu lilianzia kwenye ujauzito: mama ajihadhari na anachokunywa na anachokula. Fungu hili tumewahubiria akina mama mara nyingi. Lakini yako mambo ambayo mama hawezi kujihadhari nayo peke yake.

Mjamzito hajawahi kuvuta sigara. Mumewe, au baba mkwe, anavuta sebuleni. Kaboni monoksaidi iliyomo katika moshi huo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu ya mama; nikotini huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Hatari ya kuzaliwa na uzito pungufu huongezeka. Moshi ukiendelea baada ya kuzaliwa, huongezeka pia hatari ya nimonia, pumu, maambukizi ya masikio, hata kifo cha ghafla usingizini. Kufungua dirisha hakutoshi.

Tumwambie nini mama huyu? Atoke nje? Ndivyo tunavyoshauri mara nyingi, na aliyelemewa zaidi ndiye anayeondolewa nyumbani mwake. Swali la Mwanzo 4:9 linamhusu kwanza mwenye sigara, kisha sisi wageni tunaoketi naye sebuleni na kunyamaza kwa kuona haya.

Je, yupo dada wa namna hii kanisani kwenu? Nani ataenda kuzungumza na mumewe, na ataanzaje ili asimletee dada huyo ugomvi nyumbani?