Undugu Si Mshahara



Kila ikaribiapo Pasaka au Krismasi, cherehani za nchi yetu hazilali. Akina mama wataka magauni mapya, wanakwaya wataka sare, na watoto wa Komunyo ya Kwanza wangojea nguo zao nyeupe. Hayo ni mema, maana kuvaa vizuri siku ya heshima si majivuno. Lakini yatupasa kuuliza neno moja ambalo mara nyingi twalinyamazia: je, huyo aliyekesha akishona amelipwa nini? Tena twauliza hasa juu ya nyumba zile tudhanizo kwamba hazina haja ya kuulizwa, yaani nyumba za ushonaji zinazoendeshwa na familia moja.

Siku hizi wanunuzi wengi, hapa kwetu na ng'ambo, wapenda nguo iliyotengenezwa kwa haki. Sababu yake yajulikana. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, liliporomoka jengo la Rana Plaza lililokuwa na viwanda vya nguo. Siku iliyotangulia nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani, lakini wafanyakazi wakaamriwa kurudi kazini. Walikufa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake, waliokuwa wakishona nguo za kuuzwa katika nchi tajiri kwa bei ndogo. Hapo wengi walitambua kwamba bei ndogo dukani yaweza kuwa deni alilotwikwa mtu mwingine asiyeonekana.

Kwa hiyo watu huzitazama kwa imani kazi za mafundi wanaojulikana. Huko Nairobi, Ann McCreath alianzisha mwaka 1996 nyumba ya mavazi iitwayo KikoRomeo, na baadaye binti yake Iona akashika uongozi pamoja naye. Huku kwetu Ifakara wako akina mama wafumao vitambaa vya pamba kwa mikono yao wenyewe. Kazi za namna hiyo zastahili sifa. Lakini tusifanye haraka kusema kwamba penye undugu haki imekwisha kuwapo. Undugu waweza kuilinda haki. Waweza pia kuificha isionekane.

Tutoe mfano. Masagati iko mbali, upande wa juu wa bonde la Kilombero, na wakati wa masika njia zake ni za taabu. Tuseme binti mmoja wa huko amemaliza shule. Mama yake mdogo anakaa Ifakara, naye ana cherehani tatu na kibao mlangoni kisemacho kwamba nguo zake hushonwa na jamaa wa nyumba moja. Binti aitwa aende kusaidia, naye aenda kwa furaha. Mwaka wa kwanza ajifunza kupinda upindo, kutia vifungo na kupiga pasi. Mwaka wa pili ajua kukata gauni. Mwaka wa tatu wateja wamtaja kwa jina, wala hawataki mshono wa mtu mwingine. Lakini mfukoni mwake hamna kitu, ila shilingi chache apewazo za sabuni na nauli. Akipita mgeni akauliza, huambiwa, “Huyu si mfanyakazi, huyu ni mwanangu.”

Je, mama huyo ni mwovu? La. Tumsikilize, maana anayo maneno ya kweli. Atasema: “Namlisha, namlaza, nimempa ufundi ambao wengine huulipia karo. Cherehani moja ningali nailipia deni. Wateja hushusha bei, na wengine huchukua nguo wakaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Nitatoa wapi mshahara?” Mambo hayo ni mazito, na mwenye kuyacheka hajapata kuendesha kazi ndogo.

Lakini chakula na malazi ni wajibu wa undugu. Ujira ni wajibu wa kazi. Haifai kulipa deni la pili kwa fedha ya deni la kwanza. Kumfundisha mtu ufundi nako ni kumlipa, ila mafunzo yana mwanzo na mwisho. Mwanafunzi asiyehitimu kamwe, ingawa gauni zake zauzwa kila wiki, amekwisha kuwa mfanyakazi asiyelipwa.

Tena tazameni jinsi binti huyo alivyo dhaifu kuliko mgeni. Mgeni akicheleweshewa mshahara aweza kudai, aweza hata kwenda kwa afisa kazi. Ndugu akidai huitwa mtovu wa shukrani, na habari hufika Masagati kabla hajafika yeye. Hivyo jina lile jema la mama na mwana lamfunga kinywa. Wengine watasema kwamba mwenyewe amekubali. Lakini tangu mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya ujira kuwa wa haki, kwa kuwa shida yaweza kumlazimisha mtu kukubali kisichomtosha. Nasi twaongeza: mapenzi na haya navyo hulazimisha.

Watu wa kusini mwa nchi yetu wana sababu ya kulielewa jambo hili. Mwezi Julai 1905 Vita vya Maji Maji vilianza huko Umatumbi kwa watu kung'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na mwezi wa Agosti vilikuwa vimefika Mahenge, juu ya bonde la Kilombero. Mashamba yale ya pamba yalitajwa kuwa ya jumuiya, lakini waliolima walipata kidogo mno. Hatumfananishi mama wa cherehani tatu na serikali ya Wajerumani. Hilo lingekuwa dhuluma. Twakumbusha tu kwamba neno “letu sote” ni tamu, lakini yafaa lipimwe siku ya kugawana.

Basi ifanyweje? Kwanza, binti aendapo kwa jamaa, wazazi wake na mwenye kazi wakae pamoja, waseme wazi mafunzo yatakwisha lini na baadaye atapata kiasi gani kwa kila nguo. Pili, liwepo daftari, ambalo yeye pia aruhusiwa kulisoma. Tatu, saa za kazi zikumbukwe: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, nayo yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Ikiwa fedha ni haba kweli, wagawane uhaba huo pamoja kama wagawanavyo kazi. Maana wahenga walisema: undugu ni kufaana, si kufanana.

Nasi wanunuzi tusinawe mikono. Tunaposhusha bei ya mshono mpaka fundi anyamaze, tujue kwamba mara nyingi si yeye atakayepungukiwa, bali ni yule aliyekaa nyuma ya pazia akitia vifungo. Na tunapochukua gauni kwa ahadi tusiyoitimiza, tumelichelewesha tumaini la mtu tusiyemjua jina.

Siku moja binti yule atarudi kwao Masagati kuwasalimu wazazi. Akirudi na cherehani yake mwenyewe, aliyoinunua kwa jasho lake, kibao kile cha Ifakara kimesema kweli. Akirudi mikono mitupu baada ya miaka mitatu, kimesema uongo, hata kama kila mshono wa nyumba ile umenyooka.